Cheti cha asali kiandikwe jina la kikundi

Wenzangu warina asali wa Sikonge, Uyui na Urambo, naomba tuongee hili la cheti cha kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia kemikali za viwandani, maana naona mnunuzi akija na mkataba wa cheti tu, kikundi kinasaini.

Mi cheti sikipingi kabisa. Kaa na mkaguzi siku moja utaona, hataki maneno, anataka daftari: mzinga namba fulani umetundikwa wapi, umerinwa lini, asali imeingia ndoo ipi. Ndoo yenyewe anainusa, ikiwa iliwahi kubeba rangi au mafuta ya taa mzigo umekataliwa. Halafu anauliza shamba la tumbaku liko umbali gani, na hapa Tabora hilo ndo swali gumu kuliko yote, kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka ndani ya kilomita 3 kuzunguka mizinga nyuki wapate chakula chao hasa kwenye mimea ya porini au mazao yanayolimwa kwa kilimo hai, sasa sisi tumbaku imetuzunguka na kila msimu kuna mtu anafyeka kipande kingine cha msitu wa miombo. Ndo maana vikundi vyenye cheti vinaulinda msitu kweli kweli, msitu ukiisha na soko limeisha.

Shida ni malipo. Ukaguzi ni kila mwaka na ni hela nyingi, kikundi hakina, mnunuzi analipa, na aliyelipa ndo anayeshika cheti. Akishusha bei unakwenda wapi? Ukimwambia mnunuzi mwingine asali yetu ni ya kilimo hai, huna cha kumwonyesha, na daftari umejaza wewe miaka yote! Hili linaniuma sana.

Sheria mpya ya Ulaya, ile 2018/848 iliyoanza kutumika 2022, inataka kikundi kiwe kimesajiliwa chenyewe kisheria, wanachama wasizidi 2,000, na kiwe na ukaguzi wake wa ndani. Tuitumie hiyo. Mnunuzi akisaidia kulipa sawa, ila mkataba usomwe kwenye mkutano, nakala ya cheti ibaki kwetu, na orodha ya mizinga ikae ofisi ya kikundi.

Na ambao hamuuzi nje, kuna alama ya Kilimohai, ya kiwango cha Afrika Mashariki cha 2007, pale vikundi vinaweza kukaguana vyenyewe bila kuita kampuni ya mbali. Mi ningeanzia hapo, watu wazoee daftari kwanza, Ulaya itafuata.