Sukari tunayo, leteni mikono

Hapa Kisumu mtu akizaa, wageni huanza kufika kabla hata maziwa hayajashuka vizuri. Wanakuja na sukari, majani chai, shali, pampasi za mtoto wa mwaka mzima, wanambeba mtoto, wanabishana kama pua ni ya baba ama ya mama, halafu wanakaa. Wanakaa kabisa. Na huyo mwenye alishonwa juzi ndiye anainuka kuweka chai kwa moto, juu si tunajua vile itasemwa wakirudi kwao na midomo mikavu.

Mimi nimezaa mara mbili, moja ya kawaida na ingine ya kupasuliwa, na naona hizi jumbe zenye tunatumiana kila siku ati mama ajitunze, ajipende, atafute muda wake, zinatumwa kwa mtu siye. Mtu hajalala, damu bado inatoka, matiti yamekuwa mawe, mkojo unauma, sasa huyo ajitunze na nguvu gani? Kazi ya kumtunza ni ya wale wanaishi naye na wale wanambishia hodi.

Juu hatuongei ukweli kuhusu venye mwili unakuwa. Kizazi kinachukua kama wiki 6 kurudi mahali pake na damu inaeza endelea kutoka kidogo kidogo karibu muda huo wote, inapungua inabadilika rangi. Tumbo linakata kila mtoto akinyonya, na mzao wa pili inakuwa kali kuliko wa kwanza, hiyo hakuna mtu aliniambia nikadhani wamesahau kitu ndani. Kama ulipasuliwa hufai kuinua kitu kizito kuliko mtoto wako hizo wiki za kwanza. Sasa niambie, mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa watoto wangapi, na ni nani alikuwa anaubeba ghorofa ya tatu pale Migosi mfereji ukikauka?

Mimi ni wa Kakamega nimeolewa Ujaluoni, kwa hivyo nimetunzwa na kukhu (nyanya wa kwetu) na dani (nyanya wa huku) wote wawili, na wacha niseme walijua mambo mengi. Uji wa wimbi asubuhi, supu ya kuku wa kienyeji, mboga ya mrenda (huku wanaita apoth), omena, na hakuna kugusa jembe wala sufuria. Mama anayenyonyesha anasikia njaa na kiu mbaya sana na hao wazee hawakungoja aombe, kikombe kilikuwa kinajaa tu. Mahali tulikosana ni maji moto. Kukalia maji ya vuguvugu kama umeshonwa huko chini inatuliza kweli, sina shida nayo, lakini kitambaa kimetoka kwa maji yanachemka kikandamizwe juu ya mshono wa upasuaji, hapana, hicho kidonda kinataka kubaki kisafi na kikavu basi. Nilisema hapana kwa heshima, nikaitwa mtoto wa siku hizi, nikanyamaza.

Leso ya kushikilia tumbo ukitembea ni sawa pia. Lakini hizi koseti za kukaza tumbo mpaka mtu anapumua kwa mabega, na hizo chai za kupunguza tumbo wanauzia wamama wananyonyesha, jameni. Mwezi haujaisha! Nani anakukimbiza? Na zile tembe za kuongeza damu ulipewa kliniki ukiwa na mimba, uliza kama unaendelea nazo, wengi wetu huziacha kwa droo siku mtoto ametoka.

Halafu kliniki. Shirika la Afya Duniani kwa mwongozo wake wa 2022 linasema baada ya siku ya kwanza, mama na mtoto waonwe tena siku ya pili ama ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, tena wiki ya 6. Mama na mtoto. Lakini ile wiki ya 6 twende tukaone: mtoto anapimwa kilo, anadungwa chanjo, analia, kitabu kinaandikwa, mwingine aingie. Wewe umekaa hapo na mshono wako hakuna amekuuliza. Kwa hivyo uliza wewe, ama bora zaidi uende na mtu wa kukuulizia, bwana ako ama shemeji mwenye mdomo: mpimeni presha, mpimeni damu, angalieni kidonda, mwambieni kuhusu kupanga uzazi. Watu hudhani presha ya mimba inaisha mtoto akitoka na si hivyo, kifafa cha mimba kinaeza kuja hata ukishatoka wodi. Kichwa kikiuma vibaya na macho yaone ukungu, ama pedi moja ijae ndani ya saa moja, ama homa, harufu mbaya huko chini, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kupumua kwa shida, hiyo ni tuktuk ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku na wageni wako sebuleni.

Kulia pia niguse. Siku za kwanza unalia tu, mtoto amelala unalia, chakula kimeletwa unalia, na kwa wengi inaisha ndani ya wiki mbili. Ikipita hapo, mtu hataki kumshika mtoto, hali, halali hata mtoto akilala, anaongea ati wangekuwa afadhali bila yeye, huyo si mvivu, haringi na hajarogwa. Ni ugonjwa na unatibiwa. Wenye wataona kwanza ni nyinyi mko naye kwa nyumba, yeye mwenyewe haoni.

Wababa, sheria ya kazi ya 2007 inawapa wiki 2 za kukaa nyumbani na mshahara, kama umeandikwa. Mtu wa boda hana hiyo na ninaelewa. Lakini mwenye anayo, zile nguo ziko kwa beseni si za mama yako.

Sasa chama chetu. Tunachangia matanga, harusi, karo, hata gari ya mtu ikigongwa. Mwaka huu nikasema mwenye amezaa pia tumchangie, na si kanga ya tano, tumlipie mama fua wa wiki 6, na kila mwenye anataka kuona mtoto apewe zamu: ukija Jumanne unapika, ukija Alhamisi unachota maji, dakika ishirini kisha uende kwako. Mweka hazina alisimama akasema wao walizaa bila mama fua na hawakufa. Nikamjibu wenye walikufa si hawangekuja kwa mkutano. Kulikuwa na kelele hapo kidogo. Tukapiga kura, ikapita, wa kwanza anazaa mwezi ujao huko Nyamasaria na tayari zamu za kupika zimejaa, za kuchota maji bado.