Mbwa wa Siku Mbili Tatu

Eti "kaa naye siku mbili tatu tu, mpaka apate wa kumchukua." Watu wa kituo cha kuokoa mbwa wana ulimi mtamu, jamani. Ukikubali tu, umeshakuwa muuguzi, mlinzi, mfagizi na karani wa mbwa asiye wako, na malipo yako ni viroboto.

Hata hajatulia, ushauri unamiminika. Wa kwanza kabisa: muogeshe, ananuka! Sawa ananuka, lakini harufu haijawahi kuua mtu. Mbwa aliyetolewa mtaani, akapitia banda lenye makelele, leo yuko kwa mtu asiyemjua. Ukimkaribisha kwa ndoo na sabuni anajua kafika kwa adui. Mpe maji, pa kulala, na kona ya kujifichia, umwache. Kupe ndio hawasubiri. Shika na kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti, hata kama babu fulani kaapa kuwa ndiyo dawa.

Wa pili: mpe ale ashibe, maskini, ona mbavu! Hapo ndipo huruma inapogeuka balaa. Mwili uliokonda kwa njaa ya muda mrefu ukijazwa chakula ghafla, madini ya damu, hasa fosfati, yanashuka, na mbwa anaweza kufa akiwa ameshiba. Siku ya kwanza robo tu ya anachohitaji, igawe mara 4 mpaka 6, halafu uongeze polepole kwa siku kadhaa kadiri daktari wa mifugo atakavyokuelekeza. Sasa mweleze hayo mbwa mwenyewe, anayekukazia macho kana kwamba umemdhulumu urithi.

Kama nyumbani kuna mbwa mwingine, mgeni anakaa chumba chake wiki mbili hivi. Watoto watakuita mbaguzi, vumilia. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuambukizana mbwa kwa mbwa, vinaweza kujificha mwilini siku kadhaa, hata kufikia 14, kabla hajaanza kutapika na kuhara damu, na chanjo aliyochomwa asubuhi haimkingi jioni. Kwa hiyo bakuli lake, ufagio wake, hata ndala zako za kuingilia humo, zisitoke. Sakafu unasugua kwanza kwa sabuni, ndipo unapaka maji ya klorini, kipimo 1 cha klorini ya kufulia kwa vipimo 30 vya maji, unaacha dakika 10. Wapo wanaomwaga klorini juu ya kinyesi kisha wanashangaa. Uchafu unaimaliza nguvu dawa, virusi vinabaki, na harufu sasa ni mbili.

Mkojo nao una elimu yake. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na asubuhi kabla hujapiga mwayo wa kwanza. Akikojolea zulia, usimsugue pua pale. Hajifunzi kuacha, anajifunza kukojolea nyuma ya kochi usikomwona. Na usisafishe kwa dawa yenye amonia, maana harufu yake inashabihiana na ya mkojo, naye ataona mwenyeji umemtengea choo.

Kutoka nje ni vita nyingine. Mbwa koko ni bingwa wa kurudi nyuma na kuchomoa kichwa kwenye kola, fyuu, wewe unabaki umeshika kamba na aibu. Kola iingize vidole viwili tu, si ngumi. Siku za mwanzo mfunge pia mkanda wa kifuani, kila kimoja na kamba yake, na namba ya simu iandikwe kwenye kola kabla hajakanyaga uani. Akichoropoka, usimkimbize. Kumkimbiza ni kumfukuza. Chuchumaa, mgeuzie ubavu wako, tupa chakula chini, na waombe majirani wenye kiherehere wanyamaze, kama utaweza.

Wiki ya kwanza yuko kimya, watu wanamsifu kwa adabu. Adabu gani? Ni woga! Hesabu ya wazoefu ni siku 3 za kuduwaa, wiki 3 za kuzoea, miezi 3 ya kujiona yuko kwake. Kwa hiyo tabia zake halisi zinajitokeza pale unapoanza kujipongeza. Akikungurumia kwenye bakuli, usimchape: kuua mngurumo ni kukata waya wa king'ora na kuacha moto uwake. Pita mbali, mrushie kipande kitamu kuliko alichonacho, rudia kila siku, sogea taratibu. Akiuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakina mzaha.

Haya yote yaandike: anaogopa mvua ya radi, anachukia ufagio, anafungua friji. Usifiche, maana ukificha la friji, atarudishwa kabla ya wiki kwisha.

Ndipo anafika wa kumchukua. Anamkuta mbwa amenenepa, amekaa chini bila kuambiwa, anatoa mguu. "Kumbe hana kazi huyu!" Meza mate. Mpe chakula kile kile cha siku 7 achanganye kidogo kidogo na cha kwake, la sivyo ataharisha. Mpe na blanketi ambalo hujalifua, kwa makusudi, kwa sababu ni harufu ile ndiyo itakayomtuliza usiku wa kwanza ugenini.

Naye analishika kwa vidole viwili, anakunja pua, anauliza kama huna safi.