"Who Did This?" Akauliza Mwalimu Mkuu

Viwakilishi vya Kiingereza haviingii kichwani kwa kuimbwa. Huingia kwa kuvaliwa. Kata manila vipande vya ukubwa wa daftari, andika kwa kalamu nene ili aliye dawati la nyuma asome, toboa matundu mawili, pitisha uzi, mvike mwanafunzi shingoni. Vya kiima viwe vya bluu: I, he, she, we, they, who. Vya shamirisho vyekundu: me, him, her, us, them, whom. Vitenzi na vihusishi vyeupe. Mwalimu anasoma sentensi, maneno yanainuka na kujipanga mbele ya ubao.

Darasani kwangu mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipomwita "between".

Kosa lenyewe, la kusema "between you and I", lina asili. "Yeye" wetu hana makuu: akitenda ni yeye, akitendwa ni yeye, na mengine tunayamalizia ndani ya kitenzi. Mwenzake wa Kiingereza hubadilisha nguo kila akivuka kitenzi au kihusishi. Mwanafunzi akiwa peke yake husema "for me" bila shida. Mpe mwenzake tu, utasikia "for you and I". Dawa ni kuziba "you and" kwa kidole na kusoma kilichobaki. Ila "between" haikubali dawa hiyo, maana hakuna anayekaa katikati ya mtu mmoja. Hapo unakariri tu: baada ya kihusishi, nyekundu.

Sasa, "I" huandikwa kwa herufi kubwa hata katikati ya sentensi, na kijana niliyemvika alilijua hilo. Tangu avae kile kipande alitembea kama waziri. "Between" akasimama, "you" akafuata, "and" akafuata, na waziri akajitosa. "Me", kijana mnene na mpole, akasema, "Hapa pangu." Waziri akasukuma. "Me" akarudi nyuma hatua moja, akauegemea ubao wa miguu mitatu.

Mwalimu Mkuu alifika kabla vumbi la chaki halijatua.

"Who did this?"

Swali la "who", jibu la bluu. Ndivyo tulivyofanya mazoezi wiki nzima.

"I did, sir!" akajibu waziri kwa fahari.

"And who should I punish?"

Hapa naomba nimtetee msichana aliyevaa "whom". Watu siku hizi wanaongea mwaka mzima bila kumhitaji, na kipindi chote alikuwa hajainuka. Lakini kipimo chake alikijua: jibu swali kwanza, likija "he", tumia "who", likija "him", tumia "whom", m kwa m. Should I punish him? Ipo m! Akaruka na mkono juu.

"Whom, sir! Whom!"

Mwalimu Mkuu akadhani amejitolea. Wote wawili wakapelekwa ofisini kuandika maelezo.

Bahati mbaya, wiki hiyohiyo tulikuwa na tamathali za semi, pamoja na maneno mapya matano ambayo kila moja lilipaswa kutungiwa sentensi. Wanafunzi wenye bidii hawaachi nafasi ipite. Ubao "ulipiga yowe", na pembeni wakaandika: tashihisi. "Me" alikuwa "tembo", moja kwa moja bila "kama", kwa hiyo sitiari. Kishindo kikawa "bang", tanakali ya sauti. Watu elfu moja wakakimbia kuokoa maisha yao, chuku. Maneno yote matano yalipigiwa mstari, na "catastrophe" lilipata kazi mara mbili.

Mwalimu Mkuu aliniita akitaka kujua watu elfu moja waliingiaje kwenye chumba chenye madawati ishirini. Nikaeleza maana ya chuku. Akasoma tena, safari hii akiwa na kalamu nyekundu, maana naye aliwahi kufundisha somo hili. Tembo akampa vema. "Between him and I" akaizungushia duara nene, akatikisa kichwa, kisha akaandika hukumu chini ya ukurasa: "The board will be repaired by he and the girl."

Nikawarudishia karatasi yao. "Whom" akaweka kidole juu ya "and the girl", akasoma kilichobaki, akaomba kuazima kalamu nyekundu.