Farasi wanamaliza mfuko wangu

Jeshi la Wamongolia bila farasi si jeshi la Wamongolia. Na hapo ndipo wauzaji wa visanamu vya mchezo wa vita wa mezani wanapotukamata! Sanduku moja la askari wa miguu wenye kimo cha kama milimita 28 laweza kuwa na watu 40. La wapanda farasi, kwa bei karibu ileile, lina 12. Kumi na wawili tu! Mimi nataka pinde, mbio, kuzunguka ubavuni. Basi nikakimbilia wale wadogo wa plastiki laini, kipimo cha 1/72 (yaani mara 72 wadogo kuliko mtu halisi), bei nafuu kweli. Nimepaka rangi wiki nzima. Kuwashika mara mbili tu, rangi imebanduka miguuni mwa farasi, plastiki ya manjano inang'aa. Inauma! Kwa nini anayependa mwendo wa kasi alipishwe mara tatu?