Diski mbili ndani ya laptopu ya gemu: ziungwe au kila moja ijitegemee?

Laptopu nyingi za gemu zinazouzwa Kampala, hasa zile zilizotumika zinazoletwa kutoka nje, huwa na nafasi mbili za diski za NVMe, yaani diski za kasi zisizozunguka. Wachezaji wengi hupenda kuziunga kwa RAID 0 ili zionekane kama diski moja, na humwona anayeziacha mbalimbali kama mtu asiyejua kuinufaisha mashine yake. Nadhani wanamwonea.

RAID 0 ina haki yake. Huikata faili vipande na kuviandika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kasi ya kusoma faili kubwa kwa mfululizo hukaribia kuwa mara mbili. Enzi za diski za kuzunguka (HDD), zilizosoma MB 100 hivi kwa sekunde, hilo lilikuwa jambo kubwa, na kampuni ya MSI ilizinadi laptopu zake za gemu kwa sifa hiyo. Hata leo anayehariri video za harusi kutwa nzima ataiona faida. Kuna pia raha ya kuwa na diski C: moja pana, bila kuwaza gemu ipi ikae wapi.

Ila gemu haisomi diski kama video inavyosoma. Husoma vijisehemu vidogo vilivyotawanyika, na kwa usomaji huo diski mbili zilizoungwa haziishindi moja kwa kiasi utakachokihisi. Kisha prosesa lazima ifumue data iliyobanwa. NVMe moja nzuri ya PCIe 4.0 (kizazi cha njia inayoiunganisha na ubao wa kompyuta) hufikia MB 7,000 kwa sekunde. Ukiwa na diski kama hiyo na bado unasubiri gemu ifunguke, mara nyingi unaisubiri prosesa.

Hatari, kwa upande mwingine, inaongezeka kweli. Tuseme kwa mfano kila diski ina uwezekano wa 5% wa kufa mwaka huu. Kwenye RAID 0 yoyote ikifa inaondoka na vyote, kwa hiyo uwezekano wa kupoteza kila kitu unakuwa karibu 10%. Jibu linalotolewa kila mara ni kwamba gemu si picha za familia: zikipotea utazipakua upya. Jibu hilo ni la mtu mwenye faiba ya kasi isiyopimwa kwa GB. Baldur's Gate 3 peke yake inadai GB 150. Kwa laini ya Mbps 10 isiyoyumba hata kidogo, hizo ni saa zaidi ya 33, kwa gemu moja tu! Mwanafunzi wa hosteli ya Kikoni, Kampala, anayeishi kwa bando la simu atazipata wapi GB hizo? Na bando hilo analinunua upya pamoja na kodi yake: tangu Julai 2021, ilipoondolewa ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa 12%, bado VAT. Data uliyokwisha kuilipia mara moja, unailipia tena yote.

Diski zikijitegemea, Windows inakaa kwenye moja (C:) na gemu za Steam, programu ya kununulia na kupakulia gemu, kwenye nyingine (D:). Windows ikiharibika, unafomati C: peke yake, unaweka Steam upya, unaionyesha folda iliyoko D:, nayo inazitambua gemu zilizomo. Labda utapakua masasisho. Hasara yako ni jioni moja.

Kuna jambo jingine linaloumiza zaidi, na halihitaji diski kufa. Umempelekea fundi laptopu akuwekee Windows upya. Anachomeka flashi, kisakinishi kinafunguka, orodha ya diski iko tupu kwa sababu draiva ya RAID ya Intel, programu ndogo inayokiwezesha kuziona diski zilizoungwa, haimo. Fundi mwenye foleni ya wateja anaingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, na kuizima RAID. Sasa diski mbili zinaonekana, lakini kila moja ina nusu za faili ambazo peke yake haziwezi kusomeka. Akifomati moja, zote mbili zimekwenda. Hata ubao wa laptopu ukiungua, diski inayojitegemea unaichomoa, unaitia kwenye kasha la USB na kuisoma kwenye kompyuta ya rafiki. Iliyoungwa inataka mwenzake, na mashine inayoielewa RAID hiyo.

RAID 1, inayonakili diski moja kwenye nyingine, inamfaa ambaye kazi yake haiwezi kusimama hata siku moja. Kwa gemu inakula nusu ya nafasi, na mwizi akiibeba laptopu, amebeba nakala zote mbili.

Basi ukinunua laptopu iliyotumika, fungua sehemu ya Windows inayoonyesha diski. Ukiona moja ya TB 2 wakati ndani kuna mbili za TB 1, ujue zimeungwa. Zitenganishe siku hiyo hiyo, kabla hujapakua chochote, maana kuzitenganisha hufuta kila kilichomo.