Subhash Ghai, shule yake na ekari 20 za Goregaon

Februari 2012 Mahakama Kuu ya Bombay ilibatilisha mkataba wa ubia uliompa Subhash Ghai, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu za Kihindi, ekari 20 za ardhi ya umma ndani ya Film City, eneo la studio za filamu la serikali ya jimbo huko Goregaon jijini Mumbai, ambako alikuwa amejenga shule ya filamu ya Whistling Woods International. Tangu hapo imekuwa vigumu kukuta maandishi yanayoizungumzia shule ile kama shule. Mtu akitaja mitaala, anajibiwa kwa ekari. Akitaja wahitimu, anaulizwa habari za waziri kiongozi aliyetia saini. Hukumu ile naikubali, na nitaeleza kwa nini. Nisichokikubali ni tafsiri iliyojengwa juu yake, kwamba ualimu wa Ghai ulikuwa kisingizio cha mfanyabiashara aliyetamani kiwanja.

Msomaji aliyekua na picha za Kihindi, iwe katika majumba ya sinema ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam au baadaye kwa mikanda ya video, hahitaji kusimuliwa Karz, Hero, Ram Lakhan au Khalnayak. Linalosahaulika ni njia aliyopita mtu aliyeziongoza. Ghai alizaliwa Nagpur mwaka 1945, mbali na koo za Mumbai zinazorithishana studio na majina, na mlango wake wa kuingilia ulikuwa darasa: alisomea uigizaji katika taasisi ya serikali ya filamu iliyoanzishwa Pune mwaka 1960 kwenye viwanja vya iliyokuwa studio ya Prabhat. Akapata sehemu ndogondogo za kuigiza, kama katika Aradhana ya 1969, lakini hakung'ara, akahamia kuandika, na mwaka 1976 akaongoza Kalicharan. Kwa hiyo anapozungumza juu ya umuhimu wa shule, anazungumza juu ya kitu kilichomwingiza yeye mwenyewe, ingawa kilimwingiza kwa kazi asiyokuja kuifanya.

Taasisi hiyohiyo ilisimamisha masomo ya uigizaji katika miaka ya 1970 na kuyarejesha mwaka 2004 tu. Kwa miaka zaidi ya 25, katika nchi inayotoa filamu nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, kijana asiye na mjomba studioni ambaye alitaka kujifunza kuigiza katika chuo cha taifa cha filamu hakuwa na pa kwenda. Walimu binafsi walifungua madarasa yao Mumbai, mengine mazuri. Lakini kwa kazi za ufundi zilizomzunguka mwigizaji, yaani sauti, uhariri, taa, mandhari na utayarishaji wenyewe, nafasi za Pune zilikuwa chache mno, na wengi walijifunza kwa kumfuata bwana mkubwa na kubeba vitu vyake.

Utaratibu huo wa uanagenzi una watetezi wake, na si wajinga. Wanasema ndio uliowalea wapiga picha na wahariri wakubwa wa Mumbai, na kwamba hakuna darasa linaloweza kufundisha uvumilivu wa saa 14 chini ya taa. Ni kweli. Ila tuutazame kwa karibu. Chukua msaidizi wa kamera anayelinda ukali wa picha: anapima kwa utepe umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye jicho la mwigizaji, anauwekea alama, kisha mwigizaji anapotembea yeye anazungusha pete ya lenzi kwa hesabu ya kichwani. Akikosea kwa kiganja kimoja, uso unafifia na picha haifai. Wakati wa utepe wa filamu wa milimita 35, reli ya futi 400 ilikwisha kwa zaidi kidogo ya dakika nne, na kila futi ilikuwa fedha ya mtayarishaji. Nani angempa mwanafunzi pete ile ili akosee? Hakupewa. Alisimama pembeni miaka, akitazama mikono ya mwingine, na aliyepewa nafasi mapema mara nyingi alikuwa mtoto, mpwa au jirani wa mwenye kamera. Hoja kuu ya shule ya filamu imo humo: ni mahali ambapo kosa limekwisha kulipiwa kabla halijafanyika. Ghai, aliyekuwa ametayarisha na kuongoza filamu za gharama kubwa kwa zaidi ya miongo miwili, aliijua bei ya kosa hilo kuliko wakosoaji wake wengi.

Alikuwa pia na tabia ya muda mrefu ya kuwabebesha wageni filamu nzima. Hero ya 1983 aliiweka mabegani mwa Jackie Shroff, mwanamitindo aliyetoka katika nyumba za vyumba vya kupanga za Teen Batti, mtaa wa Mumbai. Saudagar ya 1991 ilimtambulisha Manisha Koirala katika sinema ya Kihindi, huku akiwarudisha pamoja Dilip Kumar na Raaj Kumar waliokuwa hawajaonekana katika filamu moja tangu 1959. Pardes ya 1997 ikamleta Mahima Chaudhry. Mtu anaweza kusema wageni ni nafuu kuliko nyota, na ni kweli. Hata hivyo watayarishaji wengi waliopenda unafuu huo hawakuurudia kwa uthabiti wa namna hii, tena katika filamu ambazo anguko lake lingewaumiza.

Nifike sasa kwenye tuhuma inayorudiwa zaidi, kwamba Ghai aliikimbilia shule baada ya filamu zake kuanza kuanguka. Tarehe zinaikataa. Hati ya awali ya makubaliano na serikali ya Maharashtra, jimbo ambalo Mumbai ndiyo mji mkuu wake, ilitiwa saini Oktoba 2000. Mwaka mmoja kabla, Taal ilikuwa imefanikiwa nyumbani na kuuza vizuri Marekani hata ikatajwa miongoni mwa filamu 20 za juu katika orodha ya jarida la Variety. Mwaka huohuo wa 2000 kampuni yake, Mukta Arts, iliuza hisa kwa umma, jambo geni katika tasnia iliyotambuliwa rasmi kama sekta ya uchumi mwaka 1998 tu, na ambayo fedha zake kwa muda mrefu zilitoka mikononi mwa watu wasiopenda kuulizwa. Yaadein, iliyowakatisha wengi tamaa, ilitoka 2001. Kisna ni ya 2005, Yuvvraaj ni ya 2008, Kaanchi ni ya 2014. Uamuzi wa kujenga shule ulifanywa na mtu aliyekuwa kileleni, na ningethubutu kusema uhusiano wa sababu unaweza kuwa kinyume cha unavyodaiwa: shule ilikula muda na akili ambavyo filamu zake za baadaye zilivikosa. Hata kama mtayarishaji katika miaka hiyo, kazi yake bora si ile aliyoiongoza bali Iqbal ya 2005, aliyompa Nagesh Kukunoor aiongoze, hadithi ya kijana wa kijijini asiyesikia wala kusema anayetaka kuichezea India kriketi. Ilipata tuzo ya taifa katika kundi la filamu za masuala ya kijamii. Whistling Woods ilifunguliwa mwaka uliofuata.

Yote hayo hayaondoi uzito wa upande wa pili. Kwa mujibu wa ubia ule, shirika la serikali ya jimbo linalosimamia Film City lilitoa ardhi na kupata asilimia 15 ya hisa za shule. Mukta Arts ilichukua asilimia 85. Hakukuwa na zabuni. Mtayarishaji mwingine, chuo kikuu au hata umoja wa mafundi wa filamu hakupewa nafasi ya kusema ningefanya vizuri zaidi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa India alieleza kwamba ardhi yenye thamani ya rupia milioni 312 ilihesabiwa kuwa milioni 30, yaani chini kidogo ya moja ya kumi. Mahakama ilimlaumu pia Vilasrao Deshmukh, aliyekuwa waziri kiongozi, kwa jinsi alivyoliendesha jambo lililopaswa kuamuliwa na shirika kwa utaratibu wake. Wananchi waliofungua kesi hiyo ya maslahi ya umma walikuwa na haki, na Mahakama ya Juu ya India, iliyo juu ya Mahakama Kuu, ilipoombwa kuingilia kati mwaka huohuo ilikataa. Anayetetea ualimu wa Ghai kwa kuyapuuza haya anaudhuru ualimu huo, kwa sababu anaufanya uonekane hauwezi kusimama bila upendeleo.

Lakini ndani ya hukumu ile mna takwimu moja ambayo nimeona ikipitwa haraka, nami siwezi kuipita. Mahakama iliagiza ekari 14.5, zilizokuwa wazi, zirudishwe mara moja, na ekari 5.5 zenye majengo zikabidhiwe ifikapo mwishoni mwa Julai 2014. Ukigawanya, shule nzima iliyokuwa ikifundisha tangu 2006, pamoja na madarasa, studio na vyumba vya uhariri, ilikuwa imesimama juu ya asilimia 27.5 ya ardhi iliyotolewa. Karibu robo tatu ilikuwa haijaguswa miaka sita baada ya mlango kufunguliwa.

Takwimu hii inakata pande zote mbili. Kwa mkosoaji ni ushahidi wa wazi: kama ekari 5.5 zinatosha kuendesha shule ya filamu, ekari 14.5 ziliombwa kwa ajili gani, katika jiji ambalo ardhi ni ghali kuliko karibu kitu kingine chochote? Jibu kwamba shule hukua, na kwamba mipango ya mwaka 2000 haikuweza kujua kasi ya kukua huko, lina ukweli, ila halitoshi. Anayepewa mali ya umma anapaswa kuomba kile anachoweza kukionyesha. Hapa Ghai alikosea, na serikali ilikosea zaidi yake, kwa sababu yeye alikuwa mwombaji nayo ilikuwa mlinzi.

Kwa upande wa pili, takwimu hiyohiyo inaitenganisha shule na kashfa. Kilichokuwa cha ziada kilipimika, kikarudishwa kwa amri ya mahakama. Kilichobaki ni jengo lenye wanafunzi. Na lilipofika suala la jengo lenyewe, mwaka 2014, kabla ya muda kwisha, Mahakama Kuu ilisitisha kuondolewa kwa shule kwa sharti la kulipa malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Kwa kusoma kwangu, hatua hiyo ina maana kubwa kuliko inavyopewa: mahakama ileile iliyokuwa imeubatilisha mkataba iliona kwamba tatizo la ekari 5.5 linaweza kushughulikiwa kwa kodi, na kwamba kuwafungia wanafunzi milango kusingemrudishia mwananchi wa Maharashtra chochote ambacho malipo halali hayawezi kumrudishia. Mlipaji kodi ya pango si mvamizi. Hata hivyo hatua ya 2014 haikuenea kama ilivyoenea hukumu ya 2012, na ndiyo maana wasomaji wengi wanadhani hadi leo kwamba kisa kiliishia kwenye aibu.

Kuna hoja nyingine ya wakosoaji ambayo naiona nzito kuliko ya ardhi, ingawa inasikika kidogo. Ada ya Whistling Woods ni malaki ya rupia kwa mwaka, nayo ni juu mno ukilinganisha na ya taasisi ya umma ya Pune. Shule iliyobuniwa kuvunja ukuta wa koo inaweza kujikuta imejenga ukuta wa fedha. Jarida la The Hollywood Reporter liliwahi kuiorodhesha miongoni mwa shule bora za filamu duniani, lakini sifa hiyo haimsaidii binti wa fundi cherehani wa Nagpur ambaye hawezi kulipa muhula wa kwanza. Watetezi hujibu kwamba kamera, studio na walimu vina gharama, na kwamba shule ilibeba hasara katika miaka yake ya mwanzo. Wanaongeza kwamba umma nao si kimbilio lisilo na mawimbi, na hapo wana mfano: mwaka 2015 wanafunzi wa Pune waligoma kwa siku 139 wakipinga uteuzi wa mwigizaji Gajendra Chauhan kuwa mwenyekiti wa taasisi yao, wakiamini amewekwa kwa sababu za kisiasa. Chuo cha serikali kinaweza kuwa nafuu na bado kikapoteza karibu miezi mitano ya masomo kwa saini ya wizara. Kuwa na aina mbili za shule, moja isiyoweza kufilisiwa na soko na nyingine isiyoweza kuamriwa na waziri, ni faida kwa mafundi wote.

Ndiyo maana nadhani kosa kubwa la mkataba wa Goregaon liko katika kile serikali ilichoomba kama malipo. Iliomba asilimia 15 ya hisa za shule changa isiyokuwa na faida ya kugawa. Ingeweza kuomba viti. Asilimia hiyohiyo 15, ikigeuzwa kuwa nafasi za bure kwa vijana wa Maharashtra wasio na uwezo, waliochaguliwa kwa mtihani wa wazi, ingeleta kila mwaka kundi la wahariri, mafundi wa sauti na waongozaji ambao hakuna ukoo wala benki ingewaingiza Film City. Wakaguzi wangekuwa na kitu cha kuhesabu mbali na thamani ya udongo, na Ghai, mtoto wa Nagpur aliyeingizwa sinema na darasa la serikali, asingekuwa na sababu ya kukataa. Shule bado inafundisha kwenye ekari zake 5.5, na serikali ya jimbo ndiyo yenye ardhi hiyo. Sharti la viti bado linaweza kuandikwa katika makubaliano yoyote ya kodi yatakayofuata.