Tao si studio yako
Antigua ya Guatemala ni mji mzuri, sibishi. Tetemeko la 1773 liliubomoa na bado magofu ya makanisa yake yanapendeza. Lakini jaribu kupita chini ya Tao la Santa Catalina! Lilijengwa ili watawa wavuke barabara bila kuonekana. Leo kila mtu anataka kuonekana hapo. Mmoja kasimama katikati ya njia anapeperusha gauni, mwenzake kachuchumaa na simu ili volkano ya Agua iingie kwenye picha, nawe unanyooshewa kiganja: subiri. Nisubiri nini, jamani? Njia ni ya mawe, begi la magurudumu linarukaruka kama mbuzi, mkono umekufa ganzi. Ukijipitia zako, unasonywa. Na picha inarudiwa, eti nywele.